Tairi la mbele linachomoka kwenye kona za udongo mkavu: ni meno, mpira au upepo?

#1 Mnyororo_Mkavu
Wakuu, salaam. Naomba wajuzi wa matairi ya MTB (baiskeli za milimani) wanisaidie. Baiskeli ni inchi 29, ina shokapu ya mbele tu, mm 120. Matairi ni mapya, 29x2.4 (upana inchi 2.4) mbele na nyuma, aina moja, meno marefu, ubavuni yameandikwa 60 TPI (nyuzi 60 kwa inchi) na 61-622 (saizi ile ile kwa milimita). Ndani kuna tyubu. Mimi kilo 78, baiskeli kilo 14. Upepo psi 30 mbele na 32 nyuma. Rimu kwa ndani ina mm 23.

Njia ni udongo mgumu uliokauka, juu yake kokoto laini unene wa sentimita moja hivi. Kwenye kona ya kawaida tu mbele linachomoka bila taarifa. Kwenye tope halina shida hata kidogo. Nataka tairi linaloshika, lisilo zito kukanyaga, na lisiloisha haraka. Nianzie wapi?

#2 Psi22
Anzia kwenye pampu. Psi 30 kwa kilo 78 kwenye tairi la 2.4 ni jiwe.

Hesabu ni hii: jumla kilo 92, gurudumu la mbele linabeba kama asilimia 40, yaani kilo 37. Psi 30 ni karibu kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa: tairi linagusa ardhi kwa sm² 17 na nusu hivi. Shusha hadi psi 22, unapata kama sm² 24. Zaidi ya theluthi imeongezeka na hujanunua kitu. Na siyo eneo tu. Tairi laini linalala juu ya kokoto, gumu linadunda na kuzikimbia.

Sasa kwa kuwa una tyubu, 22 utapata pancha ya matundu mawili sambamba kila ukigonga jiwe. Weka 25 mbele, 27 nyuma, halafu shusha psi moja moja mpaka usikie rimu inagonga. Ukisikia, panda 2. Hapo ndipo pako.

#3 KashataNdefu
Psi22 kila uzi jibu ni upepo, hata mtu akiuliza rangi ya fremu.

Mkuu, umejijibu mwenyewe uliposema kwenye tope halina shida. Meno marefu yaliyoachana yametengenezwa kuchimba. Pakiwa pagumu hayana pa kuchimba, basi uzito wote unakaa kwenye ncha za meno machache, na jino refu linajikunja. Ukiinama kwenye kona linakunja kidogo, linakunja tena, halafu linajiachia ghafla. Hiyo ndiyo "bila taarifa" yako. Tafuta meno ya wastani, mapana kwenye shina, yaliyokaribiana zaidi katikati.

#4 FundiSpoku
Nakubaliana nusu na #3. Kwenye udongo mgumu ulio safi, sawa. Lakini mleta uzi ana sentimita moja ya kokoto juu. Hapo jino fupi linaelea juu ya kokoto kama mtu anayekanyaga gololi. Linatakiwa jino refu kiasi cha kuvuka hiyo tabaka na kufika kwenye ardhi ngumu chini, na mpira laini kiasi cha kuishika ardhi likifika.

Kwa hiyo mimi naanza na mpira. Matairi mengi yanayokuja na baiskeli dukani yana mpira mmoja mgumu, kwenye 60 za kipimo cha Shore A au zaidi, kwa sababu unadumu na hauna gharama kuutengeneza. Matairi ya mbele ya watu wanaoshuka milima yana mpira wa juu wa 42 hadi 50. Namba ikishuka, mpira ni laini. Siri siyo ulaini peke yake: mpira laini wa tairi unarudi polepole ukibonyezwa, unajaza vishimo vidogo vya jiwe kabla haujaruka.

#5 Mnyororo_Mkavu
Asanteni. Fundi, ubavuni hakuna neno lolote kuhusu mpira. Nitajuaje?

#6 FundiSpoku
Kama halijaandikwa, chukulia ni mgumu. Watengenezaji hawaachi kujisifia.

Jaribu ukucha: bonyeza ubavu wa jino la pembeni kwa nguvu, achia, angalia alama. Mpira mgumu unarudi papo hapo. Laini unaacha alama kwa muda kidogo kisha inajaa polepole. Pia shika jino la pembeni ulisukume kwa kidole gumba kuelekea nje. Likipinda lote hadi kwenye shina na kuruka likiachiwa kama raba ya mkono, hilo ni refu na gumu kwa wakati mmoja, mbaya kuliko yote.

Kwa majina: Maxxis wana MaxxSpeed, MaxxTerra na MaxxGrip, kutoka wa kukimbia hadi wa kushika. Schwalbe wanatumia mistari ya rangi ya Addix: nyekundu Speed, bluu Speedgrip, chungwa Soft, zambarau Ultra Soft. Tairi lenye jina lile lile linauzwa na mipira tofauti, kwa hiyo mtu akikwambia "nunua Minion" (tairi la Maxxis) bila kutaja mpira na unene wa ubavu hajakwambia kitu.

#7 MzeeRimu
Mmeruka mstari wa mwisho wa taarifa zake. Rimu mm 23.

Tairi la 2.4 kwenye rimu nyembamba linakuwa mviringo. Meno ya pembeni yanashuka kuelekea ubavuni, hivyo unatakiwa uinamishe baiskeli sana ndipo yaguse. Kabla hujafika huko kuna eneo lisilo na kitu, na hapo ndipo linachomoka. Ukiliweka tairi hilo hilo kwenye rimu ya mm 30 upana unaongezeka kama mm 3, na bega linanyanyuka. Meno ya pembeni yanakuwa tayari mapema.

Tena kwenye rimu nyembamba ukishusha upepo kama Psi22 anavyotaka, ubavu unayumba. Kwa mm 23 mimi nisingepita 2.3. Kwa 2.4 na 2.5 nataka mm 28 hadi 32. Yale ya Maxxis yaliyoandikwa WT yamechorwa kwa rimu za kama mm 30 hadi 35.

#8 Psi22
Mzee, nimesema 25 akiwa na tyubu. Kwenye 25 rimu ya 23 haiyumbi kwa kilo 78. Ikiyumba, ubavu wa tairi ni karatasi.

#9 MzeeRimu
60 TPI ya tabaka moja bila ulinzi wa ubavu. Ndiyo, ni karatasi.

#10 DadaGia
Habari zenu kaka zangu. Mmeshamnunulia tairi, rimu na mpira, na hakuna aliyeuliza shokapu imewekwaje.

Gurudumu la mbele likichomoka ghafla kwenye kokoto, mara nyingi halikuwa na uzito juu yake wakati huo. Sababu mbili. Kwanza mtu amekaa nyuma, mikono imenyooka, na hivyo ile asilimia 40 ya #2 inashuka sana. Pili shokapu: ikiwa na upepo mwingi haizami, gurudumu linarukaruka. Ikiwa inarudi polepole kupita kiasi, inabonyea kwenye tuta la kwanza, la pili inalikuta bado haijarudi, la tatu imeshaisha safari. Hapo gurudumu linapita juu ya mashimo badala ya kuyafuata.

Pima kuzama: kaa kwenye baiskeli ukiwa na kila unachobeba, sogeza kile kipete cha mpira hadi chini, shuka taratibu, pima. Kwa mm 120 tafuta mm 24 hadi 30. Kona: viwiko nje, kidevu kikaribie usukani, pedeli ya nje chini, inamisha baiskeli kuliko mwili. Bure kabisa.

#11 KiparaNyuma
DadaGia kasema "bure", uzi umeisha. Wauza matairi mnaweza kwenda.

#12 KashataNdefu
Hapana, haujaisha. Mtu huyo huyo, mwili huo huo, kwenye tope linashika. Mwili hauna msimu.

#13 DadaGia
Kwenye tope watu wanakwenda polepole na kuinama mbele kwa woga. Msimu upo.

#14 BiMwendo
Naomba tuguse na kasi, maana aliuliza vitatu.

Tairi linakula nguvu kwa sababu mpira na nyuzi vinabonyea na kurudi, na havirudishi nguvu yote uliyoweka. Kinachobaki kinageuka joto. Mpira laini wa kushika unapoteza zaidi, kwa sababu ile ile aliyoitaja Fundi: unarudi polepole. Meno marefu yanayojikunja yanaongeza. Ubavu mnene unaongeza.

Kwa kilo 92, mwendo wa km 20 kwa saa, tofauti ya 0.005 tu kwenye ukinzani wa kuviringika ni wati 25. Tofauti ya ukubwa huo kati ya tairi la mbio na la kushukia si ya ajabu. Wati 25 ni nyingi kwa mtu anayetoa 150.

Lakini nyuma ndiko kunakobeba asilimia 60 ya mzigo. Ukibadilisha la nyuma peke yake kwenda jepesi kuviringika, umepata wati 15 kati ya hizo 25. Ndiyo maana wengi wanaweka mbele lishike, nyuma likimbie. Nyuma likiteleza unalikamata kwa mwili. Mbele likiteleza uko chini.

#15 Gia_Moja
Umesahau uzito. Gramu 100 kwenye gurudumu ni sawa na kilo nzima kwenye fremu. Chukua tairi jepesi kuliko yote uone linavyopaa.

#16 BiMwendo
Hiyo ya kilo nzima inazunguka miaka yote na haina miguu. Uzito ulio kwenye mzingo wa gurudumu unahesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo tu. Mara mbili, siyo mara kumi. Kwenye mlima wa mwendo mmoja ni gramu kama gramu nyingine. Tairi la mbio la 29x2.25 lina kama gramu 700, la njia za kati 2.4 lina 900 hadi 1000, la kushukia kabisa linapita 1200. Kutoka 700 kwenda 1000 kwa magurudumu yote mawili ni gramu 600 juu ya kilo 92. Haifiki asilimia moja.

Unachohisi kuwa "kinapaa" ni nyuzi laini na meno mafupi. Mzani unapewa sifa isiyo yake.

#17 Gia_Moja
Sawa dada, lakini mimi nikinyanyuka kwenye pedeli nausikia uzito.

#18 BiMwendo
Kunyanyuka ndiko kuongeza mwendo. Hapo hesabu ya mara mbili iko upande wako. Ichukue.

#19 KiparaNyuma
Uimara sasa. Mleta uzi, 60 TPI yako ni udhaifu. Nyuzi 120 kwa inchi ni nyingi zaidi, kwa hiyo tairi ni imara zaidi. Nenda 120.

#20 MzeeRimu
Kinyume, Kipara. Nyuzi 120 zinaingia kwenye inchi moja kwa sababu kila uzi ni mwembamba, na mpira kati yake ni mchache. Tairi linakuwa laini na jepesi, linalala vizuri juu ya mawe, lakini jiwe lenye ncha linalichana upesi zaidi. 60 ni nyuzi nene zilizozungukwa na mpira mwingi: zito, gumu kidogo, linavumilia.

Kinachoamua uimara ni tabaka. Tabaka moja bila kitu, tabaka moja lenye kitambaa cha ulinzi ubavuni, tabaka mbili kamili. Kule kwenye tabaka mbili hata 120 inakuwa ngumu kukatika. Na msilinganishe namba za kampuni mbili tofauti, kwa sababu baadhi wanahesabu tabaka moja, wengine wanajumlisha zote zinazopishana chini ya meno.

#21 FundiSpoku
Naongeza kwa #20. Angalia limekufaje. Tairi likifa kwa kuchanika ubavu, shida ni kitambaa. Likifa kwa meno ya katikati kuisha, ni mpira laini mno nyuma, au breki ya nyuma inafungwa gurudumu likiburuzwa. Meno ya pembeni yakianza kupasuka kwenye shina, sababu ni moja kati ya mambo matatu: mpira laini kwa ardhi ya mawe, meno marefu membamba, au upepo mdogo unaoyalaza. Mtu anayebadilisha chapa bila kuangalia mfu alikufa na nini atanunua ugonjwa ule ule.

La nyuma linakwisha mapema kuliko la mbele. Kama yote ni ya aina moja, utaratibu ni kununua jipya liende mbele, la mbele lihamie nyuma, la nyuma litupwe. Usilete la nyuma lililochakaa mbele hata siku moja.

#22 KashataNdefu
Hilo linafaa kama anatumia aina moja. BiMwendo anamwambia atofautishe. Sasa la mbele laini likihamia nyuma linaisha haraka na linakula wati.

#23 FundiSpoku
Kweli. Akitofautisha, kila moja lifie mahali pake.

#24 KiparaNyuma
Kuna kitu hamjagusa: mshale wa ubavuni unaoonyesha tairi lizunguke upande gani. Tairi la nyuma geuzeni liende kinyume cha mshale. Meno ya katikati yana mteremko upande mmoja na ukuta upande mwingine. Ule mteremko ndio unaoshika breki, ukuta unaoshika mlima. Mlima wangu ni mrefu, nageuza.

#25 FundiSpoku
Matokeo umepata, maelezo yamepinda kidogo. Liviringishe gurudumu polepole juu ya meza, angalia jino moja. Ukingo unaotua kwanza ndio wenye mteremko, ili tairi lipande juu ya jino bila kugonga. Likishatua, ukingo ule unatazama nyuma ya baiskeli. Ukuta unatua mwisho na unatazama mbele.

Ukifunga breki, jino linataka kuteleza kwenda mbele, kwa hiyo ukuta unaotazama mbele unakwama kwenye udongo. Ukuta ndio wa breki. Ukikanyaga, jino linasukuma kwenda nyuma, na upande unaosukuma ni ule wa mteremko, unaoteleza. Ukigeuza tairi unahamisha ukuta nyuma: mlima unashika zaidi, breki inapungua, kelele na ukinzani vinaongezeka. Kwa mleta uzi mwenye kokoto na kona sioni faida. Mbele usiguse mshale kabisa.

#26 KiparaNyuma
Sawa fundi, mlima bado ninaupanda.

#27 Mnyororo_Mkavu
Nafuatilia yote. Nimepima kama DadaGia alivyosema, shokapu inazama mm 17 tu. Na nimeshusha upepo hadi 25/27. Mbele kumetulia zaidi, ila kona ndefu bado linaondoka. Swali: nikiondoa tyubu, matairi haya yatakubali?

#28 Psi22
Mm 17 kati ya 120 ni kama asilimia 14. DadaGia alikuwa na lake, nakiri.

Kuhusu tyubu, tazama ubavuni kama pameandikwa TR, TLR, TLE au Tubeless Ready. Kama tairi halikunjiki, lina waya, na halina maandishi hayo, usijaribu. Ukingo wake haujatengenezwa kukaa bila tyubu, linaweza kuruka nje ya rimu.

Likikubali: tepu ya rimu iwe pana kuliko upana wa ndani kwa mm 2 hadi 4, kwa rimu yako mm 25 hadi 27, ipande hadi kwenye kuta zote mbili. Safisha rimu kwa spiriti kwanza, mafuta ya kidole yanatosha kuinua tepu. Vuta tepu kwa nguvu, anzia upande wa pili wa tundu la vali, pishana sm 10. Toboa kwa kitu cha moto au chenye ncha ya mviringo. Ukikata msalaba kwa wembe mpasuko utaendelea. Vali kaza kwa vidole, siyo koleo.

Vaa tairi, paka maji ya sabuni ukingoni, toa kiini cha vali, jaza kwa mkupuo mmoja. Unasikia mlio, mara mbili au tatu, ukingo unakaa. Usipite upepo wa juu ulioandikwa kwenye tairi au rimu, ule mdogo kati ya miwili. Angalia ule mstari mwembamba wa mpira ubavuni: uwe umbali sawa na rimu kuzunguka kote. Ukizama mahali, hapajakaa.

Halafu toa upepo, mimina silanti (maji ya kuziba matundu) kupitia vali, ml 90 hadi 110 kwa 29x2.4, rudisha kiini, jaza, tikisa, lilaze juu ya ndoo upande mmoja nusu saa, kisha mwingine.

#29 MzeeRimu
Nyongeza mbili. Silanti ya maji ya mpira inakauka, miezi miwili mitatu kwenye joto kavu, zaidi kidogo kwenye baridi. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, ongeza. Na mitungi midogo ya gesi ya kaboni inaweza kugandisha baadhi ya silanti papo hapo, kwa hiyo ukiitumia njiani, vali iwe juu.

#30 Mchanga_Laini
Mnaongea kama silanti inaziba dunia. Tundu la mwiba, sawa. Mpasuko wa kama mm 4 unataka utambi wa kuzibia. Ubavu ukichanika sentimita, hakuna silanti wala utambi. Beba tyubu moja na kipande cha ubavu wa tairi la zamani sm 5 kwa 8, kiweke ndani kati ya tyubu na jeraha, vinginevyo tyubu inachungulia nje na kupasuka. Nyumbani, kama nyuzi hazijakatika nyingi, sugua silanti yote kwa msasa mpaka mpira uwe mweusi tena, shona kwa uzi wa nailoni mishono isiyovutwa sana, kiraka kikubwa ndani kwa gundi ya kuyeyusha. Kiraka juu ya silanti iliyobaki kinabanduka ukikitazama tu. Na lililoshonwa likae nyuma.

Ile sponji ya ndani ya kulinda rimu hamjaitaja. Inakuruhusu kushuka psi 2 hadi 4 zaidi.

#31 BiMwendo
Na inaongeza gramu 100 na zaidi kwa gurudumu, kutegemea aina, na siku ya pancha njiani utalia. Kwa kilo 78 kwenye kokoto, mapema mno.

#32 Gia_Moja
Mtu mmoja anaweka 22 asubuhi, mchana anapima 24, analaumu kipimo. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, psi 22 inaongezeka kwa moja na ushee. Na ukipanda mlima mita 1000, hewa ya nje inapungua, kipimo kinaonyesha kama psi 1.5 zaidi. Ukishuka inarudi. Kwa hiyo ukijaza kileleni, chini utakuwa laini kuliko ulivyodhani.

#33 Psi22
Gia_Moja leo kaja na fizikia, baada ya ile kilo nzima.

Ila kweli. Na vipimo vya pampu za miguu vilivyochorwa hadi psi 160 havina maana chini ya 30. Sindano inasogea kidogo tu kati ya 20 na 26. Tafuta kipimo kidogo kinachoishia 60 au cha dijitali, tumia hicho hicho siku zote. Hata kikikosea psi 2, kinakosea sawa kila mara.

#34 KashataNdefu
Turudi kwenye tairi maana mtu kauliza tairi. Kwa njia yake: mbele kitu cha familia ya DHR II ya Maxxis au Nobby Nic ya Schwalbe, mpira wa kati, 2.4, ubavu wenye ulinzi. Nyuma Rekon ya Maxxis au kinachofanana, meno mafupi katikati, marefu kidogo pembeni, mpira mgumu zaidi, ubavu mnene kuliko wa mbele kwa kuwa nyuma ndiko mawe yanakogonga rimu. Minion DHF ina ule mfereji mtupu kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Kwa rimu ya mm 23 na mtu anayesita kuinamisha, ataangukia humo kwenye mfereji kila kona.

#35 FundiSpoku
Kama shida ni mfereji, Assegai ya Maxxis ina meno ya kujaza hapo katikati. Inakusamehe hata usipoinamisha.

#36 BiMwendo
Inakusamehe kona, halafu inakudai mlimani. Kwa shokapu ya mm 120 ni tairi zito kuliko baiskeli yenyewe inavyohitaji. Mbele tu, kama lazima. Nyuma hapana.

#37 MzeeRimu
Na kabla ya kununua lolote, pima nafasi kwenye fremu na shokapu. Mm 6 kila upande kati ya jino na fremu, tairi likiwa na upepo. Yanatanuka kidogo baada ya siku kadhaa, na tope lenye kokoto likipita kwenye nafasi ya mm 2 linakula fremu.

#38 DadaGia
Mnyororo, kabla hujatoa hela, toa upepo kwenye shokapu psi 5 5 mpaka izame mm 25, acha matairi 25/27 yalivyo, pita kona ile ile. Ukibadilisha tairi, tyubu na shokapu siku moja hutajua kipi kimefanya kazi.

#39 Mnyororo_Mkavu
Sawa dada. Matairi yangu nimeangalia, yana waya na hayana TR, kwa hiyo tyubu inabaki kwa sasa. Nikifanya mabadiliko nitaanza na shokapu, halafu tairi la mbele la mpira wa kati, 2.3 kwa ajili ya rimu.

#40 Psi22
2.3 uongeze psi moja.

#41 KashataNdefu
2.3 hapana! 2.4 mkuu, rimu ya 23 inabeba, watu walikuwa wanabeba 2.4 kwenye rimu za 19.

#42 MzeeRimu
Walikuwa wanabeba kwa psi 35, ndiyo. Fungua uzi wa rimu tukutane huko.